Jogoo wa Mfuniko

Pankrasi Komba aliwajua wakubwa wa Songea kwa upande ule ambao hata wake zao hawakuujua. Miaka ishirini na miwili alizibua bomba la majitaka la mji, lile moja tu lililokuwepo, lililoanzia maofisini na kwenye nyumba za mabwana, likashuka mtaa wa Mfaranyaki, likaenda kumwaga mzigo wake kwenye mabwawa matatu nje ya mji. Kila kilichomtoka mheshimiwa kilipita mikononi mwake. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu, "Mimi ni katibu muhtasi. Siri zote za mkoa zinapitia kwangu."

Zana zake zilikuwa mbili: mtaimbo wa kugongea ardhi mpaka isikike sauti ya utupu chini, na fito za mwanzi alizoziunga ncha kwa ncha, za kusukumia uchafu. Na kwa bomba lile aliijua historia ya nchi kuliko walimu. Miaka ya dhiki, maduka matupu, liliziba kwa magunzi ya mahindi, maana karatasi hazikuwepo na watu walijifuta kwa mavuno yao wenyewe. Ruksa ya biashara ilipoingia, likaanza kuziba kwa mifuko ya plastiki ya Rambo na matambara ya mitumba.

"Tumeendelea," Pankrasi alisema siku moja akivuta soksi ya Mzungu kutoka kwenye chemba. "Sasa tunaziba kwa vitu vya nje."

Ruksa hiyo hiyo ilileta wanunuzi wa vyuma chakavu, na mifuniko ya chemba ikaanza kutoweka mmoja mmoja. Ofisi iliandika barua. Pankrasi hakuandika kitu. Alifukia kila mfuniko kiganja kimoja chini ya udongo, juu yake akapanda alama: hapa mgomba, pale majani ya mabingobingo. Ramani yote akaihifadhi kichwani. Kisha likaja panga la kupunguza wafanyakazi, likampitia yeye na wenzake wanne siku ya Ijumaa. Kazi yao akakabidhiwa kijana mmoja, Leonce, mwenye diploma na ramani mpya ya rangi. Ilikuwa ramani nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba ilichorwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Kichwa cha Pankrasi, pamoja na chemba zote zilizomo, kilikwenda nyumbani bila kudaiwa kwenye makabidhiano.

Angeliacha bomba lote lijifie zake, isipokuwa chemba moja.

Ile ilikuwa Mfaranyaki, kwenye kiwanja kitupu ambapo bomba hukata kona. Pale mifuko ya Rambo ilikutana kama wazee wa baraza, ikakaa, isiondoke. Isipozibuliwa kila baada ya wiki mbili, maji hurudi nyuma, hutafuta nyufa kwenye maungio ya bomba la zamani la kigae, huingia ardhini na kuteremka mteremko. Na chini ya mteremko kulikuwa na nyumba ya Pankrasi mwenyewe na kisima cha mkewe, Lukresia. Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili mzee aliyefukuzwa kazi alichukua mtaimbo na mwanzi wake, akafukua, akazibua, akafukia tena. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Lukresia akimwona anatoka humwambia, "Baba Aurelia, unakwenda wapi tena na huo mtaimbo?" Naye hujibu, "Namtembelea mke mdogo. Ananuka, lakini hasemi."

Mwezi wa kumi kiwanja kile kikapata mwenyewe. Hassani Chande, Myao wa Tunduru aliyepata neema ya korosho pale biashara ilipofunguliwa, alikinunua ajenge gesti. Pankrasi alifurahi, maana Chande alikuwa mtani wake. Mngoni na Myao, ambao babu zao walichomana mikuki, hawana cha kugombania tena ila kucheka. Na hawa wawili walikuwa wamevuka mpaka. Mwaka uliotangulia, kwenye msiba wa mjomba wa Chande, Pankrasi aliichukua baiskeli ya Chande, akaizika nyuma ya nyumba, akaiwekea msalaba wa miti. "Imekufa na marehemu," alitangaza. "Ukitaka ifufuke, lete jogoo." Waombolezaji walicheka hadi kanga zikalowa. Chande alitoa jogoo.

Basi Pankrasi akaenda kiwanjani na mtaimbo begani, akawakuta mafundi wanapiga kamba za msingi, Chande amekaa kwenye tofali.

"Mngoni!" Chande aliita. "Umekuja kuomba kazi ya kubeba zege? Babu zako walibeba ngao tu, hili utaliweza?"

"Nimekuja kukuokoa, Myao. Unajenga jiko juu ya mavi ya mkoa mzima."

Mafundi wakaangua kicheko. Chande akapiga paja.

"Wallahi leo umejitahidi! Mnamwona mtani wangu? Kazi wamemnyang'anya, sasa ananiuzia mavi!"

"Chande, nisikilize. Pale kwenye mabingobingo kuna chemba. Sogeza jiko hatua kumi tu."

"Na ada yako jogoo mmoja?"

"Sitaki jogoo."

"Aa, bei imepanda! Anataka beberu!"

Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu huo ndio ulikuwa ustadi wake: kukaza uso. Baiskeli aliizika akiwa amekaza uso vilevile. Pankrasi akaondoka akijiambia kwamba wakifukua wataona wenyewe, na chuma hakina utani.

Wakafukua, na kweli wakaona. Kiganja kimoja tu chini, kwenye udongo laini uliochimbwa juzijuzi, mfuniko wa chuma, msafi, pembeni yake alama za mtaimbo. Fundi mkuu akainama akanusa.

"Bosi, hapa pananuka kweli."

Chande alisimama juu ya shimo, akatazama ule udongo mbichi, akatabasamu taratibu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Huyo Mngoni hafanyi jambo nusu. Kaleta mpaka harufu! Msiufungue huo mfuniko, humo ndimo alimotega. Tukifungua tu, kesho yuko sokoni anasimulia. Mwageni zege."

Jioni ile mfanyakazi wa Chande alifika nyumbani kwa Pankrasi amembeba jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. "Shikamoo mzee. Bosi anasema mfuniko wako ameuona. Amekubali, umeshinda. Na jogoo wako huyu hapa."

Pankrasi alimtazama jogoo, akamweka chini, akatoka mbio. Alipofika kiwanjani zege lilikuwa limeshika. Alisema kweli tupu, bila chumvi, na mafundi wakashangilia kwamba leo mzee amezidi, analia mpaka machozi ya kweli.

Kesho yake akaenda ofisini. Leonce hakuwa kijana mbaya. Alimpa kiti, akafungua ramani ya rangi, akaburuza kidole.

"Mzee wangu, hapa Mfaranyaki ramani inaonyesha bomba limenyooka. Hakuna kona, hakuna chemba."

"Mwanangu, nimeingia humo mpaka kiunoni."

"Nakuamini. Lakini siwezi kubomoa jengo la mtu mwenye hati kwa sababu ya kiuno chako. Niletee mchoro wowote wa zamani, namsimamisha siku hiyohiyo."

"Mchoro mlikuwa nao ninyi."

"Uliliwa na mchwa, mzee."

Aliyekuwa na mchoro mwingine, kama bado alikuwa hai, ni Bruda Bartolomeo wa monasteri ya Hanga, ambaye ujanani alisaidia kusimamia mitaro ya bomba lile. Pankrasi alihangaika majuma mawili akidhani Chande atasikia, akituma wazee, na wazee wakirudi wanacheka. Jumamosi yake ya kuzibua ikafika na kupita. Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja akateka ndoo kisimani, akanusa. Ulikuwa uvundo mdogo sana, pua nyingine isingeujua. Yeye aliujua kama mtu anavyojua sauti ya nduguye.

Akaziba kisima kwa mbao na miiba, akamwita mkewe.

"Mama Aurelia, haya maji usiyaguse. Usinywe, usipikie, usioshee hata chombo. Kateke kwenye bomba la maji safi la mtaa."

"Bombani maji yanatoka saa kumi na moja alfajiri, foleni ndoo mia. Kisima kina nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema kweli na kuishia hapo. Lakini mdomo uliozoea kucheza ngoma haujui kusimama, na Lukresia alikuwa amekunja uso, naye Pankrasi katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuvumilia kumwona amekunja uso.

"Kina uji wa wakubwa," akasema. "Ukiunywa utaamka una cheo."

Lukresia akacheka. Akampiga kwa kanga begani. "Nenda zako, mtu mzima huna haya."

Naye akaenda Hanga, moyo mwepesi kidogo kwa kuwa amemwacha anacheka.

Bruda Bartolomeo alikuwa hai, ila kumbukumbu zake zilikuwa kama bomba lenyewe: zinapita, zinaziba. Siku ya kwanza alimwita Pankrasi kwa jina la mtu mwingine. Siku ya pili walipekua masanduku. Siku ya tatu mchoro ukapatikana, umekunjwa ndani ya kitabu cha mashamba, wino wa buluu: mteremko wa Mfaranyaki, kona, na kwenye kona duara dogo lililoandikwa kwa mkono *chemba, isifunikwe kamwe*. Pankrasi alilibusu lile duara. Akauviringisha mchoro, akauingiza ndani ya kipande cha mwanzi usilowe, akadandia lori la mahindi.

Mlangoni kwake alimkuta binti yake Aurelia, ambaye alipaswa kuwa kwa mumewe Mpitimbi. Mbao za kisima zilikuwa pembeni, miiba imesukumwa kando.

"Yuko wapi mama yako?"

"Tumemzika jana, baba. Mabwana afya hawakukubali tusubiri. Kipindupindu." Akaonyesha zile mbao za kisima. "Siku mbili bombani hapakutoka tone. Nilipofika ameshaanza kuharisha. Nikamuuliza, mama, kwa nini ulifungua kisima? Akasema, 'Baba yako ameniachia utani wake, eti kuna uji wa wakubwa.' Alikuwa bado anacheka, baba. Hana nguvu, lakini anacheka."

Bwana afya alikuwa amekataza chakula cha pamoja na msongamano, kwa hiyo matanga yalikuwa ya majirani wachache kwenye mikeka, kila mtu na maji yake. Siku ya pili akaja Chande, kanzu nyeupe, baraghashia. Utani una sheria zake: mtani asipochekesha msibani ameitukana nyumba. Naye Chande alimpenda Lukresia, aliyemlisha mara nyingi kwenye nyumba hii, akataka amfanyie iliyo bora.

Akachukua kanga ukutani, akajifunga. Akatwaa ndoo tupu kisimani, akajitwika, akatembea uani kwa mwendo wa Lukresia, ule wa kuburuza mguu wa kushoto. Akasimama mbele ya Pankrasi, mkono kiunoni, akatoa sauti nyembamba ya marehemu:

"Baba Aurelia! Unakwenda wapi tena na huo mtaimbo?"

Ilikuwa sauti yake kabisa. Wanawake walicheka huku wanalia. Hata Aurelia alijifunika uso, mabega yakamtikisika.

Pankrasi akainuka. Watu wakasogea kumpisha, macho yanang'aa, wakijua jibu linakuja na litakuwa kubwa. Akazunguka nyuma ya nyumba. Akarudi na yule jogoo mwekundu ambaye wiki zote hizo hakumchinja wala hakumwachia, miguu ingali imefungwa kwa kamba ileile ya katani. Akamweka Chande mkononi.

"Chukua jogoo wako. Sikushinda."

Kicheko kikapita mikekani. Chande naye akacheka, ndoo ingali kichwani.

"Mngoni, tangu lini unarudisha kitu?"

Pankrasi akatoa mchoro ndani ya mwanzi, akaufungua juu ya mkeka, akaweka kidole.

"Hapa ni maofisini. Hapa ndipo bomba linapokata kona. Hapa ni jiko lako." Kidole kikateremka kidogo. "Na hapa ni kisima."

Chande aliinama kusoma, mkono mmoja ukishikilia ndoo. Alisoma taratibu, midomo ikimcheza, akafika kwenye lile duara dogo na maandishi yake. Ndoo ikamponyoka kichwani, ikabingirika uani mpaka miguuni mwa wanawake. Wengine walicheka tena, wakidhani ndiyo sehemu yenyewe.

"Ule mfuniko," Chande akasema, "ulikuwa wa kweli?"

Pankrasi akaenda kuuchukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akarudi nao, akauchomeka ardhini kati yao. Chande aliutazama. Mkono mmoja ulikuwa na jogoo, mwingine ulikuwa mtupu, na ule mtupu haukuinuka kuuchukua mtaimbo akalibomoe jiko. Mafundi walikuwa wamejenga usiku na mchana, gesti imepauliwa tayari, sakafu ya jiko imesuguliwa kwa saruji nyekundu mpaka inang'aa.

Badala yake alitoa kicheko kidogo, kimoja, kicheko cha mtu anayeomba sadaka.

"Mtani," akasema. "Niambie unanitania."

Watu wote mikekani wakageuza nyuso kumtazama Pankrasi, midomo wazi kidogo, wakingoja. Akawatazama na yeye, mmoja mmoja. Uso wake aliukaza kama alivyozoea kuukaza, maana hakuwa na mwingine.

Wakazidi kungoja.