Mbio Zilizosimama Kyamunene

Jukwaa la wageni lilijengwa juu ya kilima cha Kyamunene, katikati ya safari ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, na viti vyake vilielekezwa ziwani. Barabara ilikuwa nyuma. Aliyepanga hivyo ni Ndugu Kamugisha, ofisa utamaduni, ambaye aliwahi kukaa miezi michache Ujerumani ya Mashariki na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo. Huko, alisema, watu hutafuta mahali penye mandhari nzuri, wakaketi, wakanywa divai ya mkoa wao huku wakitazama mashindano ya baiskeli. Basi na Ziwa Magharibi tungefanya hivyo, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru.

Mandhari ilikuwepo. Mashamba ya migomba yaliteremka hadi kwenye majabali, chini yake maji, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeosha hewa, kisiwa cha Bumbire kilionekana vizuri. Divai nayo ilikuwepo, kwa maana ya rubisi: wazee walikuwa wameponda ndizi kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, wakatia unga wa mtama uliokaangwa, wakafunika kwa majani ya mgomba hadi ikachachuka. Kilichokosekana ni namna ya kuziona baiskeli bila kuvunja shingo. Hakuna aliyemwambia ofisa. Katika sikukuu za Serikali ofisa hakosolewi, watu hugeuza shingo tu.

Mwenye rubisi alikuwa Rugaibula, mwenyekiti wa tawi la TANU, mtu mnene aliyezoea kusikilizwa. Kama desturi inavyotaka, alinywa yeye kwanza mbele ya wote, ili kila mgeni aone kwamba hakuna kitu kibaya ndani yake. Kisha vibuyu vikazunguka. Aliyevizungusha ni binti yake, Joviana.

Joviana hakuwa msichana wa nyumbani. Alikuwa mke wa Ildefons wa Kishanda, na alikuwa amerudi kwa baba yake tangu Julai. Sababu yake ilikuwa fupi na haikuwa na siri. Msimu wa kahawa ulipofika, Ildefons alikuwa kwenye baiskeli. Kila asubuhi aliondoka kwenda Rubya na kurudi, akisema anajiandaa kwa mashindano, na kahawa ikaiva, ikadondoka, ikaota ukungu chini ya miti. Joviana alichuma peke yake mpaka mikono ikavimba. Siku moja aliweka kikapu chini, akajifunga kitenge, akaenda kwao.

Ildefons alikuja kumfuata mara mbili, na mara zote mbili hakuruhusiwa kuvuka lango. Kwa desturi, mkwe anayemfuata mke wake huketishwa, husemwa, hukubali kosa, na mambo huisha kwa pombe. Rugaibula hakutaka yaishe upesi hivyo. Mbele ya watu waliokuwa wakinywa kwake mwezi uliopita, alitamka sharti:

"Kama baiskeli ndiyo iliyomfanya amwache mwanangu shambani peke yake, basi na imfae. Ashinde mbio za Uhuru, afike Muleba wa kwanza, nami nitamrudishia mke wake mwenyewe. Akishindwa, asikanyage tena kwangu. Mimi sikai na wakwe wasio na jina."

Watu wakampigia makofi. Joviana, aliyekuwa nyuma ya nyumba akipeta mtama, aliyasikia makofi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kama angeulizwa, angesema kwamba alitaka mumewe aseme kwa kinywa chake, "Nilikosea," kisha ashike kikapu. Angesema pia kwamba wifi yake, Ephrasia, alikuwa ameleta habari: Ildefons alikuwa ameokota kahawa yote iliyobaki, peke yake, na kupalilia migomba. Kwa upande wa kazi, hilo lilimtosha Joviana. Lakini neno la baba lilikuwa limeshapigiwa makofi, na neno la namna hiyo ni gumu kulirudisha.

Basi siku ya Uhuru alimimina rubisi na kutega sikio upande wa barabara.

"Huko Leipzig," Ndugu Kamugisha alikuwa akisema, akishika mrija kwa vidole viwili, "mwendesha baiskeli hapewi hata dakika moja ya kupumzika. Ni sayansi."

"Na chakula je?" aliuliza Ta Byabato, mzee aliyekuwa na sahani ya senene, panzi wa kukaanga, magotini.

"Hula hukohuko juu ya baiskeli."

"Bila kunawa?"

Ofisa alinyonya mrija.

"Nshomile hawa, wasomi wetu," Ta Byabato alimwambia jirani yake, bila kushusha sauti. "Kasoma mpaka Ulaya, akarudi na habari za watu wasionawa."

Ndipo wanawake waliosimama kando ya barabara wakapiga vigelegele. Wageni wote waligeuza viti kwa pamoja, na jukwaa likatoa mlio ambao fundi wake hakuupenda.

Mtu mmoja alikuwa akipanda kilima. Alikuwa amesimama juu ya pedali, matope yamefika kiunoni, na nyuma yake barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Joviana alimtambua kwa mabega kabla hajaona uso. Ildefons alikuwa amewaacha wenzake mbali. Baada ya Kyamunene barabara huteremka muda mrefu. Mtu anayefika pale wa kwanza na pengo kubwa kama lile alikuwa na kila sababu ya kufika Muleba wa kwanza.

Rugaibula alisimama. Alikuwa na kibuyu mkononi na wageni pembeni, na hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

"Mkwe wangu huyo!" alisema. "Mnamwona? Mume wa Joviana!"

Ildefons alimwona. Macho yake yalikwenda kwa mkwewe, yakaenda kwenye mteremko, yakarudi. Joviana aliyafuata na kuelewa hesabu yote. Mkwe hapiti mbele ya baba wa mke wake akiwa juu ya baiskeli. Hushuka. Kumpita akiwa amesimama na wazee, kibuyu mkononi, mchana kweupe, ni jambo ambalo wajukuu wangesimuliwa.

"Pita," Joviana alisema, lakini kwa sauti ya kujisemea.

Ildefons alishuka. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya jukwaa, akafuta mikono kwenye kaptula, akachuchumaa.

"Shikamoo, tatazala. Mulaileota, waitu."

Salamu ya mkwe na baba mkwe haiishii kwenye neno moja, na Rugaibula hakutaka kuifupisha. Aliuliza za Kishanda, akauliza za mama yake Ildefons, akauliza kama mvua ya kule ilikuwa kama ya huku. Kila swali lilijibiwa. Kisha akamgeukia ofisa.

"Ndugu Kamugisha, huyu ndiye kijana niliyekuambia. Anaongoza mkoa mzima."

"Hongera sana, ndugu!" Ofisa alimpa mkono. "Unajisikiaje?"

"Najisikia kuondoka, ndugu."

Wazee walicheka. Rugaibula alicheka kuliko wote, akamnyooshea kibuyu.

"Onja kwanza. Umetoka mbali."

Ildefons alikitazama kibuyu. Kukikataa ni kusema kwamba mwenyeji ametia kitu ndani yake. Hakuna njia nyingine ya kulieleza jambo hilo Uhayani, na hata mtu mwenye haraka hawezi kusema hivyo kwa baba wa mke wake. Akanywa. Kibuyu kilikuwa kikubwa.

Wa pili alifika, kijana wa Kamachumu. Mjomba wake alikuwa jukwaani. Akashuka. Wa tatu alikuwa na babu pale. Wa nne hakuwa na ndugu yeyote, ila aliona wenzake wameshuka na akaona haya kupita kama mtu asiyelelewa. Baada ya muda baiskeli saba ziliegemea jukwaa, na washindani wa mkoa wa Ziwa Magharibi walikuwa wamechuchumaa wakila senene. Ndugu Kamugisha, ambaye dakika chache kabla alisema hakuna kupumzika, sasa aliwaeleza wageni kwamba kituo hiki cha viburudisho kilikuwa sehemu ya mpango.

Wa nane alikuwa Mujuni, mwalimu wa Kilutheri kutoka Bakoba, mlokole. Alikuwa mwembamba, hana mbio kubwa, na alipanda kilima akihema kama mgonjwa. Rugaibula alimnyooshea kibuyu na yeye.

"Karibu, mwalimu!"

"Bwana asifiwe, wazee wangu!" Mujuni alijibu. "Mimi sinywi." Aliinua mkono mmoja, akapita, akaanza kuteremka.

Rugaibula alikirudisha kibuyu kifuani.

"Hana adabu," alisema Rugaibula.

"Ni walokole," alisema mwingine. "Hata msibani hukaa kama wamemeza fimbo."

"Adabu hana," alisema Ta Byabato, akichagua senene, "ila naona mgongo wake tu."

Hapo Ildefons alisimama. Aliomba ruhusa ya kuondoka, maana mkwe haondoki bila kuaga, na Rugaibula akaona ni lazima kwanza amwombee baraka mbele ya wageni. Aliomba baraka kwa mdomo wa mtu aliyekwisha kunywa sana. Alimtaja Mungu, akakitaja chama, akarudi kwa Mungu. Alipomaliza, Land Rover ya wasimamizi ilikuwa imefika kutoka upande wa Muleba, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mnangoja nini huku? Mwalimu wa Bakoba ameshavuka mto. Hamtamfikia tena, hata mkipewa mbawa."

Vijana walisimama, wakatazamana, wakaketi. Mmoja aliomba aongezewe rubisi.

Rugaibula aliweka kibuyu mezani. Uso wake ulipitia mambo kadhaa na ukatua kwenye lile lililokuwa rahisi zaidi kwake.

"Basi," alisema. "Mmesikia wote. Nilisema afike wa kwanza. Hakufika. Mimi si mtu wa kubadili maneno. Ildefons, baiskeli yako hii hapa, na njia ya kwenu unaijua."

Ildefons aliitazama baiskeli. Rubisi ilikuwa imemtoa jasho jipya, na alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa na hawezi kumtaja mwizi.

Joviana alikuja mbele ya baba yake akapiga magoti, kama binti anavyopaswa. Hakuna mtu jukwaani aliyeweza kusema baadaye kwamba hakupiga magoti.

"Tata, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Mwezi uliopita ulimwambia awe wa kwanza. Leo alikuwa wa kwanza, ukamwita. Kama angepita, ungesema amekudharau, na mimi ningebaki. Ameshuka, na unasema ameshindwa, na mimi nabaki. Alipofika hapa, ulitaka afanye nini?"

"Unabishana nami mbele ya wageni?"

"Nauliza, waitu. Nikijua, nitanyamaza."

Rugaibula aliwatazama wageni, na wageni wakakumbuka kwamba walikuja kutazama ziwa. Kiti kimoja baada ya kingine kiligeuzwa kwa adabu kuelekea Bumbire. Ta Byabato peke yake hakugeuka.

"Mjibu mtoto, Rugaibula," alisema. "Hata mimi nataka kujua. Wewe ndiye uliyemshinda mkwe wako, na hata baiskeli huna."

"Hayo tutayazungumza nyumbani," Rugaibula alisema mwishowe.

"Nyumbani kwangu ni Kishanda," alisema Joviana. Aliinuka, akapangusa vumbi magotini, na kumkabidhi mwanamke wa jirani kibuyu alichokuwa akimiminia. Kisha alikwenda kwa mume wake. Hapo sauti yake haikuwa laini zaidi. "Na wewe. Una la kuniambia?"

Ildefons alimtazama mkwewe, kwa mazoea, halafu akaacha.

"Nilikosea," alisema. "Ile kahawa. Nilikuacha peke yako."

"Wangapi wamesikia?"

Akairudia, kwa sauti kubwa kidogo. Vijana wa baiskeli waliacha kutafuna.

Joviana alikunja kitenge na kuketi kwenye keria ya baiskeli ya mumewe.

Ndugu Kamugisha aliruka kutoka kitini. "Dada! Dada, kanuni haziruhusu abiria!"

"Mashindano yameshakwisha, ndugu," Joviana alimjibu. "Wewe tazama mandhari."

Waliteremka kilima polepole, kwa sababu breki za nyuma zilikuwa mbovu na mwendeshaji alikuwa amekunywa. Kwenye mpando uliofuata Joviana alishuka akatembea, na Ildefons akasukuma. Hawakuzungumza mambo matamu. Walizungumzia miti ipi ya kahawa ilikuwa imezeeka, na nani angeikata.

Walifika Muleba jua likiwa limeshuka. Mujuni alikuwa amepewa redio, zawadi ya mshindi, na kusali juu yake, mgeni rasmi alikuwa amesoma hotuba iliyosifu umoja wa wanamichezo, na watu wawili walikuwa wakibomoa tao la majani ya migomba lililowekwa mwisho wa safari. Nusu ya tao ilikuwa bado imesimama. Ildefons alipunguza mwendo. Alikuwa ameendesha mwaka mzima ili apite chini ya majani yale.

"Njia ya Kishanda iko huku," alisema Joviana nyuma yake.

Hakumsukuma, na hakurudia. Ildefons alilitazama tao mara moja, akakata kona kabla ya kulifikia.