Shati la Kuganesan

Kila Diwali Amma, mama yetu, humnunulia kaka yangu shati, na kila Diwali mimi hununa. Kaka yangu Kuganesan alipotea siku vita vya serikali na wapiganaji wa kwetu vilipokwisha, akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ni miaka kumi na tano. Sandukuni kuna mashati kumi na manne, maana mwaka wa kwanza tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Yote yamepakwa manjano kwenye ukosi, kama ipakwavyo nguo mpya ya mtu aliye hai, na hakuna hata moja lililovaliwa.

"Nipe la shingo kumi na sita," Amma alimwambia muuzaji.

"Mwaka jana lilikuwa kumi na tano na nusu," nilisema, kwa kumchokoza tu.

"Mwaka jana alikuwa mwembamba. Mwanamume wa miaka thelathini na nne ana kitambi. Baba yenu alikuwa hivyo hivyo."

Muuzaji alicheka. "Basi mlete mwenyewe apime, Amma, tumwone huyo bwana kitambi!"

Alikuwa mgeni, katoka Colombo juzi juzi. Wenzake, watu wa hapa Jaffna, waligeuka wakajifanya wanakunja vitambaa. Amma alisema mwanawe yuko safarini. Nilitamani ardhi inimeze.

Tiketi za sinema nilikuwa nazo mkobani. Nilimwambia Amma ni filamu ya vita, ya huku kwetu, basi. Mimi nilikwisha kuiona wiki iliyopita, nikatoka nikijiambia: hii ndiyo dawa yake. Niseme kweli, nilikuwa nimechoka. Nilichoka kumpakulia mtu asiyekuja, nilichoka kukatazwa kubadilisha namba ya simu ya nyumbani eti asije akapiga akatukosa. Nilitaka mama yangu akubali kwamba mwanawe amekufa, amlilie, yaishe.

Ndani ya sinema alikaa na mfuko wa shati mapajani. Kwenye filamu watu walikuwa wakichimba mahandaki kwenye mchanga wa pwani. Mwanamke mmoja alipasua sari yake ya harusi, akaishona mifuko ya kujazia mchanga.

"Hariri haifai," Amma alininong'oneza. "Inachanika. Sisi tulitumia za pamba."

Mabomu yakaanza. Baba mmoja alizunguka na beseni akiokota kilichobaki cha binti yake. Nyuma yetu mtu aliangua kilio, akatolewa nje. Amma alitazama tu.

Halafu likaja daraja. Askari walitangaza kwa kipaza sauti kwamba yeyote aliyekaa na wapiganaji, hata kwa siku moja, ajitokeze aandikishwe, kisha atarudi kwao. Mama wa kwenye filamu alimsukuma mwanawe mgongoni. "Nenda. Watakuuliza maswali tu."

Amma alifanya hivyo hivyo. Kugan alikuwa amechukuliwa na wapiganaji kwa nguvu, akakaa nao siku kumi na moja, na Amma ndiye aliyemwambia aende akajiandikishe. Alimwona akipanda basi. Zaidi ya hapo hajui, na ni kwa kutojua huko ameishi.

Filamu haikubaki na yule mama. Ilipanda basi. Ilifika vichakani, ikawaona vijana wamepigishwa magoti mstari mmoja, na haikufumba macho hata mara moja.

Nilisubiri alie. Hakulia.

"Kumbe si mbali na daraja," alisema. "Nilizisikia risasi hizo. Nilidhani wanasherehekea ushindi."

Nje jua lilikuwa kali. Mume wangu Sutharsan alikuwa akitungoja na bajaji yake. Amma alilitoa shati, akampima nalo mgongoni.

"Linakutosha?"

"Linatosha, Mama. Lakini si la Kugan hili?"

"La Kugan. Utalivaa wewe."

Sutharsan alinitazama. Kwetu nguo mpya ya marehemu huwekwa mbele ya picha yake siku ya Diwali, pamoja na chakula alichokipenda, kisha huvaliwa na mwanamume wa nyumba.

"Tupitie studio," Amma alimwambia. "Ile picha yake ya shule waikuze. Nitaitia shada."

Hicho ndicho nilichokitaka, nimekipata mchana kweupe. Nikasimama kati yake na bajaji.

"Amma, ile ni filamu tu," nilisema. "Wale ni waigizaji. Aliyeitunga hakuwepo. Wako waliopelekwa kwenye magereza ya mbali, nani anajua? Labda Kugan yuko hai."

Alikuwa akilikunja shati. Aliacha, akanitazama usoni.

"Miaka kumi na tano nimekungoja useme hivyo, hata mara moja tu," alisema. "Leo ndiyo unasema?"