Boriti Iliyokataa Kupinda

"Tuma tu hiyo hesabu, Tari," bosi wake, mzee Suroto, alisema kwenye simu. Nyuma yake honi zililia. Alikuwa njiani kwenda kwao kula Idi. "Tuma, ukawahi treni."

Kuntari aliangalia tena kioo cha kompyuta. Ofisi yao ya mjini Semarang ilikuwa imebaki viti vitupu.

Alikuwa amepiga hesabu kwa mkono, ile ya kizamani. Watu wakijaa kwenye daraja la waenda kwa miguu walilokuwa wakilisanifu, boriti ingeshuka upana wa kiganja. Kompyuta ilisema kidole kimoja.

"Mzee, boriti yangu haipindi."

"Si ndiyo vizuri? Imara hiyo."

"Siyo imara. Nimekosea kuchagua vipande."

Alikuwa ameikata boriti ndani ya kompyuta kama mtu anavyokata tempe, ule mkate wa soya: vitofali vyenye kingo zilizonyooka, safu moja tu kutoka juu hadi chini. Kingo za namna hiyo hazijui kujikunja. Ukizilazimisha hukakamaa, na boriti ikaonekana ngumu kuliko chuma chenyewe.

"Sasa?"

"Ule urefu wote niuwekee vipande vya mstari, vile vilivyotungwa kwa ajili ya boriti. Kwenye matundu ya bolti niweke vitofali vyenye nukta katikati ya kila ukingo, vinavyoweza kupinda. Halafu niunganishe."

"Na treni?"

"Inaondoka saa kumi."

Suroto alishusha pumzi. "Haya. Usije ukasema nilikuzuia mimi."

Saa kumi ilimkuta akiunganisha. Jua lilipokaribia kuzama, boriti ilipinda polepole kwenye kioo, kiganja kizima. Ilikuwa nyembamba mno. Ingebidi ichorwe upya. Adhana ikalia. Akafuturu kwa chai, peke yake, kisha akampigia mama yake, kule kwao Cepu.

"Wenzako wote wamefika," mama alisema. "Hata ndugu yako Bagyo na kigari chake kibovu."

"Treni imeondoka, mama."

"Imeondoka, au umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Kesho, kama kila Idi, ndugu zako watanipigia magoti kuomba radhi. Wewe utaipigia hiyo kompyuta?" Alicheka kidogo, peke yake.

Kuntari aliweka simu juu ya kiti cha Suroto. Akapiga magoti kwenye vigae, akainama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kiti. Mama alikuwa ameshahamia habari za jirani aliyeunguza wali.

"Tari? Bado upo?"