Mtani Kaburini

Mtani akikuomba tumbaku, utamtukana kwanza halafu utampa. Lakini mtani akikuomba nyongeza ya mshahara? Hapo, jamani, ndipo Melkior Lyamba alipokwama.

Melkior Mfipa, tajiri wake Salvatori Mnyamwezi. Watani hao! Pale Makanyagio, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, walikuwa wakitukanana kutwa na wateja wakishika mbavu. Siku Melkior alipotaja mshahara, Salvatori alicheka mpaka akakohoa.

"Mfipa hela za nini? Si utakwenda kuzizika shambani!"

Akarudia kuomba. Salvatori akamchotea pumba debe zima. "Haya, nyongeza hiyo!" Watu kwa! kwa! kwa! Na Melkior naye, mjinga, akacheka.

Ila moyoni alikuwa anaungua. Nani alikuwa akiifungua mashine alfajiri? Yeye. Mkanda ukikatika, nani aliuunga? Yeye. Na mshahara ni uleule wa siku aliyoajiriwa, wakati mwaka huo, watu wakihamishiwa vijijini, sukari na sabuni vilikuwa vimepanda bei hata kuvitaja unaogopa. Mke wake, Theopista, alikuwa amekwisha kuchoka.

"Jumamosi lori la mpunga likirudi Kibaoni, napanda na mtoto," alimwambia. "Kwa mama sabuni hakuna, lakini wali upo. Wewe baki na mtani wako."

Tangu hapo Melkior hakutulia. Anakaa, anasimama, anatoka nje, anarudi ndani hajui alichofuata.

Ijumaa wakawa wanamzika mzee Ponsian, baba mkubwa wa Salvatori, kule Misunkumilo. Msiba wa mtani una kazi yake, kuzuia maziko mpaka wafiwa watoe kitu, na kazi hiyo Melkior aliijua. Kabla jeneza halijashushwa, alirukia kaburini akajilaza chali.

"Sitoki!"

Salvatori alisogea ukingoni akifuta machozi, tabasamu limeshaanza. "Unataka nini, mchawi wee?"

"Nyongeza ya mshahara!"

Kicheko kikalipuka, hata wafiwa wakacheka. Salvatori akamtupia shilingi. Melkior akairudisha juu.

"Nusu ya mshahara iongezwe juu yake! Ama sivyo mzike wawili!"

"Umepata, umepata! Watu wote mashahidi. Toka tumzike mzee wetu!"

Melkior alitoka mwekundu kwa udongo, akasaidia kufukia, kisha akashika njia ya nyumbani mbio. Theopista alikuwa anafunga mzigo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakaza fundo.

"Alikuahidi kama tajiri, au kama mtani?"

Melkior alijipapasa. Loo! Udongo wote ule mgongoni, kumbe alikuwa amewachekesha watu tu. Aligeuka vilevile alivyo, hakunawa, akarudi msibani.

Salvatori alikuwa kwenye mkeka na wazee wenzake. "Huyo anakuja!" alisema. "Hata wafu wamemfukuza!"

Wazee wakacheka. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Melkior, tena jibu tamu, la kumkomesha Mnyamwezi yeyote. Akalimeza. Alichuchumaa mbele ya tajiri wake.

"Bwana Salvatori," akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Kesho mke wangu anapanda lori. Mshahara usipoongezeka, na mimi namfuata. Ufunguo wa mashine huu hapa."

Akauweka mkekani. Salvatori alisubiri utani ufuate. Alimtazama usoni, akautazama ufunguo, akamtazama tena. Tabasamu likamtoka polepole.

"Kumbe hukuwa unatania?"

"Tangu mwaka jana, Bwana."

Salvatori aliuokota ufunguo, akamrudishia Melkior mkononi, akamfumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Kamwambie mkeo afungue mzigo," akasema, na safari hii hakucheka.