Nyasi za Mzee Kamala

Safari ilipangwa Alhamisi jioni kwenye kibaraza cha kibanda changu cha kushonea, Kahororo, na watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nje isipokuwa msibani. Wazo lilikuwa la Burhani. Aliona kwenye simu picha za watu wamekaa mbele ya hema juu ya mlima, wanakunywa chai, basi akawaka. "Na sisi tuna milima," akasema. "Muleba yote ile ni milima. Tunangoja nini?"

Tukagawana mizigo kwa mdomo. Burhani hema na gari, Esther chakula, Gamaliel maji na tochi, mimi kiberiti, sufuria na mablanketi. Siku nzima naandika vipimo vya watu kwenye daftari, lakini vitu vya safari niliona vitakaa kichwani tu. Havikukaa.

Jumamosi mchana tuliacha Noah ya kaka yake Burhani mbele ya duka moja, mbele kidogo ya Rubya, tukaanza kupanda. Tulipanda kwa saa tatu, na mimi nililalamika saa zote tatu. Sitaficha, mimi nina mdomo. Juu kabisa migomba inaisha, inabaki rweya, ile mbuga ya nyasi tupu ambayo upepo unaichezea utakavyo. Chini vijiji vinafuka moshi, na mbali kuna kamstari ka ziwa. Palikuwa pazuri mpaka nikanyamaza.

Kisha tukafungua mizigo. Kwenye mfuko wa hema hamkuwa na hema. Kulikuwa na turubai la kuanikia kahawa, na maganda yake bado. Stoo kwa shangazi yake Burhani kulikuwa na mifuko miwili ya kijani, naye alibeba ule ulioangukia mkononi. Esther alileta trei ya mayai mabichi na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga. "Sufuria si umebeba wewe?" akaniuliza. Nilikuwa na kiberiti, blanketi moja na mkeka wa kuswalia. Gamaliel alikuwa na spika ya muziki na chupa mbili za maji, moja ameshainywa njiani. Tochi alisema ipo kwenye simu, na simu ilikuwa na asilimia kumi na moja.

Wingu likaanza kujikusanya. Nikazunguka kutafuta pa kujificha, na nyuma ya mwamba nikaona mafungu saba ya nyasi, yamekatwa, yamekauka, yamefungwa kwa kamba za mgomba.

"Godoro hili hapa," nikasema.

Gamaliel ni Mhaya, amekulia Kashozi. Alisimama mbali. "Shamsa, hizo zina mwenyewe. Rweya ni ya wote, lakini nyasi zikishakatwa ni za aliyekata."

"Nshomile!" nikamjibu, kama tunavyowatania Wahaya waliosoma. "Siku hizi hata nyasi zina hati?"

Burhani na Esther wakacheka. Mtu akishachekwa hoja yake imekufa, naye akaja kushika kamba.

Tulifunga turubai kwenye mwamba, tukatandika nyasi chini yake, tukalala na senene tumboni. Mvua ilinyesha. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na baridi ilipozidi nikaanza kuchoma nyasi. Fungu moja lilituwakia kwa muda wa kuota viganja tu, likaisha, nikachukua la pili. Mpaka panapambazuka nilikuwa nimechoma matatu, na manne yaliyobaki tulikuwa tumeyalalia.

Nilipofungua macho kulikuwa na bibi amesimama mbele yetu, kanga imefungwa kiunoni, mundu mkono mmoja na kamba mkono mwingine. Aliangalia majivu, akatuangalia sisi, akaangalia tena majivu. Gamaliel akaruka, akainama mpaka chini, akaanza salamu za Kihaya moja baada ya nyingine. Bibi aliitikia zote bila haraka. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie:

"Mnatetemeka, wanangu. Nyumbani kwangu ni hapo chini. Twendeni mkapate moto, waitu, tafadhali."

Jina lake Anatolia. Alitukalisha jikoni nyuma ya nyumba, akatupa chai ya tangawizi na ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, akayapika na yale mayai yetu yaliyopona. Nimekula karamu nyingi za harusi, na nyingine nimeshona nguo za bibi harusi mwenyewe, lakini chakula kama kile sijawahi kula. Niliposhiba ndipo macho yangu yakaanza kazi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na ndani sakafu ilikuwa tupu kabisa, imefagiwa.

"Bibi, mnakarabati?" nikauliza. "Mbona sebuleni hamna kitu chini?"

"Nimetoa nyasi za zamani," akasema. "Kwetu Wahaya nyasi ndiyo zulia la sebule. Mpya ndizo nilizokuwa nazifuata huko juu."

Gamaliel aliweka kikombe chini. Mimi nikairudisha ndizi kwenye sahani.

Ikabidi tumuulize, naye akatueleza huku anaosha sahani. Mume wake, Mzee Kamala, alianguka kutoka kwenye mbuni, mti wa kahawa, akavunjika nyonga. Wiki tisa amekuwa hospitali, na leo saa nane mtoto wao Avit angemleta. Ndugu za mzee walishaanza kupitapita kwenye kibanja, lile shamba la nyumbani, wakihesabu migomba. "Siku anabebwa aliniambia, Anatolia, nikirudi nikute nyasi mpya sebuleni. Nikikuta sakafu tupu nitajua na wewe ulishanizika. Kila jioni anapiga simu: umekata? Juzi nikamwambia nimekata." Akagusa goti lake. "Kwa hili hapa, kukata kulinichukua siku nne."

"Bibi," nikasema, "umeona tumezichoma, halafu ukatupikia?"

"Sasa ningewauliza habari za nyasi mnatetemeka vile?"

Angenitukana ningejua la kujibu, matusi nayaweza. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine, tena mgonjwa. Nikamgeukia Gamaliel, nikamwambia mbele ya wote: "Ulisema kweli. Nisamehe." Akasema tutafute mundu wa pili kwanza.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Tulipata miundu miwili na panga la jirani. Gamaliel na Esther walikata, Burhani alifunga na kubeba, mimi nilikata vibaya, nikafundishwa, nikakata tena. Nyasi zilikuwa na maji ya mvua, tukazikung'uta na kuzianika juani juu ya lile turubai la kahawa, ambalo hatimaye lilifanya kazi yake ya asili. Viganja vilinitoka malengelenge. Nilikuwa nimeinama kule juani, mgongo unawaka, na moyoni namshukuru Mungu kwamba tulikutwa na mwanamke yule na si mwingine, na kwamba saa nane ilikuwa haijafika.

Bibi alinifundisha kutandika. Unaanzia ukuta wa ndani ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, ili usikanyage ulichokwisha tandika, na vichwa vyote vilale upande mmoja. Hilo nililielewa upesi, kitambaa nacho kina uelekeo wake. Zile za mafungu yake manne tuliyolalia tulizitandika karibu na kiti cha mzee. Zangu, fupi fupi, akaniambia niweke mlangoni. Tulimaliza, tukasimama uani tunanukia majani mabichi, na gari likapiga honi kwenye migomba.

Mzee Kamala alishuka kwa magongo mawili. Koti lake lilikuwa limemzidi, la kupunguza inchi mbili kila upande. Avit alitaka kumshika, akakataa. Alifika mlangoni akavua viatu, kimoja, kisha cha pili, akazitazama nyasi. Bibi Anatolia alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Ulikata," mzee akasema.

"Nilikwambia nimekata. Na Mungu akaniletea wageni, wakanisaidia kutandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ingeweza kuishia hapo. Esther alinifinya mkono, maana ananijua. Lakini mdomo uliosema upuuzi jana bila kuombwa, nisingeuacha unyamaze leo.

"Si hivyo, babu," nikasema. "Bibi anatusitiri. Alikata mafungu saba peke yake. Sisi tuliyakuta kule juu, mwenzetu akatuonya, mimi nikamcheka. Tukachoma matatu. Manne tukayalalia. Hizi nyingine tumekata leo asubuhi. Hizo mbaya za hapo mlangoni ni zangu."

Avit alisimama na begi mkononi. Mzee aligeuka taratibu, gongo moja kisha jingine, mpaka akanielekea.

"Mlizilalia?"

"Ndiyo, babu."

"Na mvua ile ya jana?"

"Ndiyo."

"Zilikuwa laini?"

Nikakumbuka ule usiku, baridi na njaa na kelele za matone, na chini ya mgongo wangu kitu chepesi, kikavu, kinachonukia vizuri, mpaka nikalala usingizi nisiostahili.

"Laini sana, babu. Sijawahi kulalia kitu laini vile."

Mzee akamtazama mkewe. Aliangalia lile goti la bibi, akaangalia uso wake, na meno machache yaliyobaki yakaonekana.

"Huyu hujua kuchagua nyasi," akasema. "Tangu msichana."

Bibi Anatolia akajifunika uso kwa kanga. Mzee Kamala akaniita kwa kichwa, akanipa gongo moja nimshikie, na kwa mkono ule uliobaki mtupu akamshika mke wake. Mguu wake wa kwanza aliuweka kwenye zile nyasi zangu mbaya za mlangoni.