Uzi Alioubadilisha Juzi

...na nilisema uongo, hilo silifichi hata nikiwa nimekaa hapa mbele ya tabernakulo, nilisema zeze la baba linaita mizimu, na nilijua haliiti mzimu wala shetani, lilikuwa linaita watu waje kulima, basi, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kabisa, na sasa huyu Marselino, Baba Noela ninapomwita mbele za watu, amenikalia ubavuni kama mlango uliofungwa, ananinong'oneza, Mama Meshack, hicho kibuyu kibaki hapo hapo chini ya benchi, umenisikia, na mimi sijakubali, nangoja tu kwa sababu mbele pale Dorah amekatikiwa uzi, Dorah yule binti wa Mwanza anayepiga fidla kubwa, ile ya kukumbatia kati ya magoti, uzi umekatika katikati ya wimbo, pah, kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, mpaka akina mama wa mbele wakajishika vifua, ni hewa hii, Agosti hapa kwetu midomo inapasuka sembuse uzi, amecheka, amesema wapendwa tuvumiliane kidogo nafunga mwingine, na wenzake watatu wenye fidla ndogo wamekaa wanamsubiri, mmoja anajipepea na karatasi za nyimbo, mabati juu yanalialia kwa jua, na baada ya wimbo huu ni zamu yangu, ameshalitangaza mwenyewe kwenye maiki, halafu tutamsikiliza mwenyeji wetu Mama Meshack na zeze lake, kanisa zima likageuka kunitazama kama nimeota pembe, na Marselino hapo hapo akatoka kwenye kiti chake cha mwenyekiti wa kigango akaja kukaa hapa, pembeni yangu, upande wa kutokea, ili nisipite... Violeth nyuma yangu anachokonoa kiroba changu kwa ncha ya kiatu, Mama Meshack, kwani humo umebeba nini, kuku? Kama ni kuku mnyamazishe, tupo kanisani, na wenzake wanacheka kwenye vitenge, cheka mama, cheka, siyo kuku, ni kibuyu nilichokipanda mwenyewe nyuma ya jiko na kukingoja kikauke, na ngozi ya kenge aliyonipa jirani yangu Adam, yule kenge aliyekuwa anammalizia vifaranga, na uzi ni waya wa breki ya baiskeli, niliuchambua nywele moja moja mpaka vidole vikatoka damu, na upinde ni singa za mkia wa ng'ombe, miaka mitatu nimelitengeneza hili zeze, tangu kiangazi kile hawa wageni walipokuja mara ya kwanza, wanazunguka makanisa ya vijijini watu wakishavuna, leo kigango hiki, juzi walikuwa Chato, kesho sijui wapi, wanasema muziki wao hautaki ukumbi mkubwa, unataka chumba na watu wanaosikiliza, na siku ile ya kwanza nilikuja kama wengine, kushangaa, nikakaa benchi hili hili la tatu, Dorah akavuta upinde mara moja tu juu ya ule uzi mnene na mimi baridi ikaniingia mwili wote, kwa sababu ilikuwa sauti ya baba, ilikuwa zeze, limepakwa rangi, limekuzwa, limevalishwa, lakini zeze, na huyu huyu Marselino alisimama pale madhabahuni akalikaribisha kwa makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa mpigo mmoja, akasema ndugu zangu hii ni zawadi ya Mungu, akina mama wakapiga vigelegele, nikajiuliza, hivi la ubao wa Ulaya ni zawadi ya Mungu na la kibuyu cha nyuma ya jiko ni la shetani, aliyepima ni nani, na kwa mizani gani...

Mama Meshack, ananiambia tena, tusiaibishane mbele ya wageni. Aibu ipi, Marselino, mimi aibu yangu unaijua nusu tu. Wageni wanalala kwa Wakristo, jumuiya yetu ilipewa Dorah, alale kwangu, na jana mchana alikuwa ananisaidia kumenya viazi jikoni akainua macho akaliona limening'inia juu ya mafiga, limeanza kuingia moshi kama la baba lilivyokuwa, akasema mama hili nani anapiga, nikasema hakuna, akasema mama mbona uzi unang'aa, uzi usiopigwa haung'ai, mtoto ana macho yule, basi nikalishusha nikampigia, wimbo mmoja, ule wa kupumzisha majembe, kisu kimebaki mkononi mwake, viazi vimetulia kwenye maji, halafu akasema kesho utapiga kanisani, mama, nikasema mwanangu hapo hapapigwi zeze, akasema kwa nini, na mimi niliyejua kwa nini kuliko mtu yeyote duniani nikasema sijui, ni mazoea tu. Uongo wa pili. Nauweka hapa pamoja na wa kwanza... baba alikuwa hapigi mbele ya kaburi wala kwa mganga, alipiga shambani, kundi la kulima likija, watu thelathini wamejipanga mstari mmoja, yeye mbele yao anarudi kinyumenyume na zeze, na majembe yanamfuata, chap, chap, kama mtu mmoja, na jua likifika utosini hakuna aliyesema tupumzike, alikuwa anabadili wimbo tu, anaulegeza, na majembe yote chini, watu wanakaa, wanakunywa togwa, hata mwenye shamba awe mchoyo vipi hakuthubutu kusema endeleeni, zeze limeshasema, mtu amchoshe mwenzake zeze likiwa limesema? Kama kuna kitu cha Mungu nilichokiona kabla sijajua kusoma sala ni kile, watu thelathini wanawekwa chini na uzi mmoja. Na mimi nikakipeleka motoni. Ilikuwa wiki ya uamsho, watu wanaleta hirizi, shanga, pembe, vinarundikwa hapo nje chini ya mwembe ambao siku hizi umeshakatwa, na Marselino alikuwa kijana, katekista mwanafunzi, ana galoni ya mafuta ya taa, na askofu alikuwa anakuja Jumapili kutoa kipaimara, na kwenye kwaya wasichana walikuwa wananiita binti wa manju, manju manju, tutikisie bega tuone, na ubeti wa kwanza wa mapokezi ya askofu alikuwa anatafutwa wa kuuimba peke yake, mimi nilikuwa na sauti kuliko wote na nilijua sitapewa, binti wa mcheza ngoma asimame mbele ya askofu? Basi nikalitoa zeze ukutani baba akiwa kisimani, nikalileta, Marselino akaniuliza, hili nalo? Akalishika akaligeuza, alisita, nakumbuka alisita, akasema Melania, mimi nimeliona hili shambani, watu wanalimia. Na mimi nikasema, ya usiku huyajui, mimi ndiye ninayelala mle, analipigia mizimu. Hivyo hivyo. Kwa mdomo huu unaopokea Ekaristi. Akalimwagia mafuta... baba alifika ngozi inaungua, harufu ya kenge imejaa uwanja, kofia ameishika mkononi kama mtu aliyefika msibani, nikangoja anipige, nilitaka anipige, akatazama tu, akasema, Melania, ule uzi nilikuwa nimeubadilisha juzi. Basi. Uzi nilikuwa nimeubadilisha juzi. Hakusema neno jingine, siku ile wala mpaka anakufa, na Jumapili niliimba ubeti wa kwanza mbele ya askofu, nikavalishwa skafu ya kwaya, ya bluu yenye pindo la njano, skafu za sasa ni mpya lakini rangi ni ile ile, ninayo shingoni hapa, inawasha.

Na msimu uliofuata kundi la kulima lilikuja kwetu, baba akakaa juu ya kichuguu mikono mitupu, jua likafika utosini, watu wanalima tu, hawajui waache saa ngapi, akapiga makofi mawili, pa pa, kama mwalimu wa shule ya msingi, watu wakacheka, naye akacheka nao, na mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya togwa nikataka ardhi ifunguke... hata nilipoolewa nikaenda Kahama, Nyahanga, mume akishuka kwenye mashimo ya dhahabu na mimi naponda mawe, miaka sita, karasha, zile mashine za kusaga mawe, zinanguruma mpaka usingizini, nilikuwa nikichoka namsikia baba anaulegeza wimbo, nasimamisha nyundo, msimamizi anafoka, we mama umelala, silali, nimepumzishwa. Na nimekwenda kitubio mara ngapi tangu hapo, nimeungama hasira, wivu, kumsengenya huyu Violeth, na hili nimeliungama nusu nusu, Padre, nilimkosea baba yangu heshima, na padre anasema Baba Yetu tatu, kila mtu amemkosea baba yake heshima, tatu tu, kwa zeze zima...

Dorah ameinua kichwa. Uzi bado haujakaa, unateleza, anakaza, unarudi. Ananitafuta kwa macho, ameniona, anaita bila maiki, kwa sauti yake ya kawaida, Mama Meshack, si uje wewe utangulie? Mimi huku bado kidogo. Na mguu wangu umeshajikunja kusimama, naapa umejikunja wenyewe, na Marselino amenyanyua mkono, anatabasamu kwa wageni meno yote nje, anasema samahani dada, Mama Meshack leo hajisikii vizuri, koo linamsumbua. Koo! Zeze linapigwa kwa koo? Violeth nyuma anasema taratibu, makubwa, asubuhi si alikuwa ananigombeza kisimani, koo lilikuwa zima lile, na bibi mmoja anamnyamazisha. Koo langu. Hasira imenipanda hadi masikioni, mwongo wewe, mwenyekiti mzima, mbele ya madhabahu, unasingizia koo la mtu, hivi nani amekufundisha kusema uongo juu ya zeze ndani ya... nani amekufundisha. Nani amekufundisha, Marselino. Ulisita. Uliligeuza mikononi ukasema watu wanalimia hili. Ulikuwa unajua ukweli, kwa macho yako mwenyewe, na mimi ndiye niliyeutoa mkononi mwako nikakupa wangu, ukauamini kwa sababu nilikuwa binti wa nyumba ile, nani angejua kuliko mimi, na tangu hapo umeulinda uongo wangu kama unalinda Injili, umezuia ndono ya mzee mmoja wa Bukombe, ule uta wake wenye kibuyu na uzi mmoja, umezuia ngoma kwenye mavuno, umegombana na vijana, umezeeka nao, nywele zimekuwa nyeupe, na kumbe ulichokuwa unalinda siyo imani, ni mdomo wangu mimi. Mtazame anavyokaa, jasho linamtiririka kwenye kola, haogopi mizimu huyu, anaogopa kwamba nikipiga na paa lisianguke, basi siku ile alimwagia mafuta mali ya mtu mwema bure. Na ni kweli. Alimwagia bure. Lakini kiberiti nilileta mimi... Ee Mungu, nilikuwa nimejiandaa kupiga kwa ajili ya kumkomoa, nilitaka avimbe mbele za watu, nilikuwa nimeshaionja hiyo raha tangu jana, hiyo nayo naiweka hapa, pamoja na zile dhambi mbili. Lakini kupiga, nitapiga. Usinifikirie nimelegea. Nikikaa chini sasa hivi kwa jina la unyenyekevu nitakuwa nimelichoma mara ya pili, na safari hii sina miaka kumi na tisa, sina askofu wa kumwimbia, sina kisingizio hata kimoja. Nitasimama pale, sitaanza na wimbo, nitaanza na maneno, nitasema mimi Melania nilidanganya kwenye uwanja huu huu, baba yangu hakuita mizimu, na katekista hakukosa, aliambiwa na mimi, nitasema Marselino aliuliza, hilo lazima walisikie wote, Marselino peke yake aliuliza, halafu ndipo nitawapigia wimbo wa kupumzisha majembe, wote, na yeye mwenyewe apumzike, ameyashika muda mrefu, na wakinitoa kwenye kwaya wanitoe, nitaimba nikiwa benchi la nyuma, Mungu hana benchi la nyuma asilolisikia, na wale wafalme wa kale tunaosomewa hapo mbele walimsifu kwa nyuzi, hakuna aliyekuwa na kinanda cha sola...

Anasema tena, Mama Meshack nakuomba, ukinyanyuka hiyo skafu uiache, mimi sitakuwa na la kufanya, kamati itasema, na sauti yake kumbe inatetemeka, huyu mzee, tumezeeka naye. Dorah anakaza, uzi unalia, unashuka, unapanda, bado. Kiroba kimeshika kwenye msumari wa benchi, nakivuta, waya umejigonga kwenye kibuyu ukatoa sauti ndogo, ding, na kanisa lote limeisikia, hata Violeth amerudisha kiatu chake. Paa lipo. Nafungua fundo la skafu hapa kooni, kumbe lilikuwa limekaza namna hii, naikunja mara mbili, bluu kwa bluu, njano kwa njano, naiweka juu ya magoti ya Marselino, mikono yake inaipokea kabla yeye mwenyewe hajakubali.

"Baba Noela," namwambia, "nishikie hii skafu, na uvute miguu kidogo nipite."