Mpira wa Shingoni

Katika wodi ya watoto mahututi, daktari alisema ule mpira mwembamba wa kupitishia dawa shingoni utolewe, kwa kuwa mtoto sasa ananyonya vizuri. Muuguzi alipovaa glavu, mama mtu akamshika mkono.

"Dada yangu, ukiutoa na kesho mkitaka damu, si mtaanza tena kumchoma? Tazama mikono yake, imekuwa chujio. Mwache hata leo tu."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Muuguzi naye ni mzazi. "Haya, mama," alisema, "ila kesho sitaki maneno."

Kesho yake mtoto aliamka anawaka moto na kutetemeka. Mpira ulitolewa upesi, lakini vijidudu vilikuwa vimeshaufuata hadi kwenye damu. Daktari aliandika dawa kali, wala hakuficha kwamba huenda zisifue dafu.

Mama akamvuta muuguzi kando. "Ni mimi, sivyo? Mimi ndiye niliyekuomba."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini muuguzi aliyatazama macho ya mama, yaliyoiva kwa kukesha, akaona kwamba akinyamaza atakuwa amemtwisha mzigo wa maisha.

"Kuomba ni haki ya mama," alisema. "Kukataa ilikuwa kazi yangu, nami sikuifanya. Daktari nimeshamwambia. Baba yake akija, nitamwambia mwenyewe."

Mama alizunguka kitanda. Akaenda kusimama upande wa pili, mbali na muuguzi.